Silaha ya Kificho na Haki ya Kujihami: Historia Linganishi ya Sheria za Majimbo ya Marekani

0. Utangulizi

Marekani ni nchi moja yenye majimbo 50, na katika mambo ya jinai kila jimbo lina bunge lake, mahakama zake na kitabu chake cha sheria. Kutokana na hali hiyo, tendo lililo halali upande mmoja wa mto huweza kuwa kosa upande wa pili. Mwezi wa Oktoba 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye kibali halali cha kubeba bastola alichopewa katika jimbo lake la Pennsylvania, aliingia New Jersey kwa gari. Askari alipomsimamisha barabarani, yeye mwenyewe alimwarifu kwamba alikuwa na silaha. Kibali chake hakikutambuliwa huko. Alishtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake ya chini kabisa ilikuwa kifungo cha zaidi ya miaka mitatu. Watu wengi walilalamika, akaepushwa na gereza, na mwaka 2015 gavana wa New Jersey akampa msamaha.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tofauti za namna hiyo zilivyozaliwa. Tutachunguza maswali mawili: kwanza, ni nani anayeruhusiwa kutembea na silaha iliyofichwa mwilini, pili, ni wakati gani mtu anayeshambuliwa anaruhusiwa kuua. Wanasheria huzoea kuyatenganisha maswali hayo. Sisi tutayasoma pamoja, kwa kuwa historia yaonyesha kwamba jibu la swali la kwanza hubadilisha uzito wa swali la pili. Pale ambapo dola haimwulizi mtu kitu kabla hajachukua bastola, hukumu yote huahirishwa mpaka risasi imekwisha kutoka.

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze istilahi tutakazozitumia. Tutasema *kibali cha hiari* pale ambapo mkuu wa polisi au hakimu ana uhuru wa kutoa au kukataa; *kibali cha haki* pale ambapo analazimika kumpa kila aliyetimiza masharti yaliyoandikwa; na *kubeba bila kibali* pale ambapo sheria haidai karatasi yoyote. Kwa upande wa kujihami, tutaita *wajibu wa kurudi nyuma* ile kanuni inayomtaka mtu kukimbia, kama aweza kufanya hivyo kwa usalama, kabla ya kuua. Na *haki ya kusimama* ile inayomwondolea wajibu huo.

1. Kificho kilipokuwa aibu

Siku hizi majimbo ya kusini yanajulikana kuwa miongoni mwa yale yaliyo huru zaidi katika mambo ya bunduki. Kwa hiyo msomaji atashangaa kusikia kwamba majimbo hayo ndiyo yaliyotangulia kukataza silaha za kificho. Kentucky na Louisiana zilitunga sheria hiyo mwaka 1813. Indiana ilifuata mwaka 1820, kisha Georgia na Alabama katika miaka ya 1830. Ilikuwa jamii ya watu waliothamini heshima kupita uhai, waliozoea kupigana wawili wawili kwa miadi na kuchomana visu katika mabaa. Watunga sheria hawakukusudia kumnyang'anya mzungu huru silaha yake. Walitaka aibebe mahali ambapo kila mtu ataiona.

Jambo hilo lilizua mgogoro mapema. Huko Kentucky mtu mmoja alitozwa faini ya dola 100 kwa kuwa na upanga uliofichwa ndani ya fimbo ya kutembelea. Mwaka 1822, katika kesi ya Bliss, mahakama ya rufani ya jimbo iliamua kwamba katazo hilo lilikwenda kinyume na katiba ya Kentucky. Wananchi wa Kentucky hawakukubaliana na majaji wao: katiba mpya ya mwaka 1850 ililipa bunge uwezo wa kukataza silaha za kificho.

Mahakama nyingi za karne hiyo zilifuata njia ya kati. Mwaka 1846 mahakama kuu ya Georgia, katika kesi ya Nunn, ilikubali katazo la kuficha lakini ikakataa katazo la kubeba kwa wazi. Mwaka 1850 mahakama ya Louisiana, katika kesi ya Chandler, ilieleza falsafa yenyewe: silaha inayoonekana humwezesha mtu kujihami kiungwana, bali ile iliyofichwa huandaa mauaji ya hila. Kwa fikra za wakati ule, mwenye kuficha alikuwa kama nyoka majanini.

Kaskazini kulikuwa na utaratibu mwingine. Sheria ya Massachusetts ya mwaka 1836 haikukataza kubeba. Ilisema kwamba mtu aliyetembea na silaha bila sababu ya kutosha ya kuogopa kushambuliwa angeweza kushtakiwa na jirani aliyemwogopa, na hakimu angemtaka aweke dhamana ya kudumisha amani kwa muda usiozidi miezi sita. Huko ni jamii iliyouliza swali, na iliuliza kabla ya damu kumwagika. Sheria hiyo tutaikuta tena mbele, maana majaji wa karne yetu wameifufua.

2. Nani aliyenyimwa?

Historia ya vibali haiwezi kuelezwa bila kutaja rangi ya ngozi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, bunge la Mississippi lilitunga sheria iliyomkataza mtu mweusi aliyetoka utumwani kuwa na bunduki pasipo ruhusa ya wakuu wa wilaya. Rekebisho la Kumi na Nne la Katiba, lililothibitishwa mwaka 1868, liliahidi ulinzi sawa wa sheria kwa wote. Tangu hapo ilikuwa vigumu kuandika neno "mweusi" ndani ya sheria. Lakini hapakuwa na haja ya kuliandika, iwapo afisa mmoja alikuwa na hiari ya kuchagua.

Mwaka 1871 Texas ilikataza kubeba bastola, isipokuwa kwa msafiri, kwa mtu aliye katika mali yake, au kwa mwenye sababu ya haki ya kuogopa shambulio la karibu. Mwaka 1911 New York ilitunga sheria iliyopewa jina la seneta wa jimbo Timothy Sullivan, mwaka mmoja baada ya meya wa jiji, William Gaynor, kupigwa risasi. Sheria hiyo ilidai leseni hata kwa kumiliki silaha ndogo. Mwaka 1913 iliongezwa kwamba mwenye kutaka kubeba kwa kificho aonyeshe "sababu ya kufaa". Maneno hayo machache yalitawala jiji la New York kwa muda wa miaka 109.

Hiari ya afisa ni upanga wenye makali mawili. Yaweza kumzuia mhalifu. Yaweza pia kumwacha mnyonge bila ngao. Mwezi wa Januari 1956 nyumba ya mchungaji Martin Luther King ililipuliwa kwa bomu huko Montgomery, Alabama. Aliomba kibali cha kubeba silaha kwa kificho, akanyimwa. Ikiwa mtu ambaye nyumba yake imelipuliwa hana sababu ya kutosha, ni nani aliye nayo? Hata kubeba kwa wazi, kulikosifiwa sana katika karne ya 19, kulipoteza heshima yake mara tu kulipofanywa na watu wengine. Vijana wa chama cha Black Panther walipoanza kuwafuata polisi wa Oakland wakiwa na bunduki mkononi, bunge la California lilikataza mwaka 1967 kubeba hadharani bunduki yenye risasi, na gavana Ronald Reagan akatia sahihi.

Haimpasi mtafiti kusahau kwamba kulikuwa na jimbo lisilofuata njia yoyote kati ya hizo. Mwaka 1903 mahakama kuu ya Vermont ilibatilisha amri ya mji wa Rutland iliyodai ruhusa ya kubeba silaha. Tangu hapo mpaka leo Vermont haijadai kibali, wala jirani zake hawakuiga mfano wake kwa zaidi ya karne nzima.

3. Kukimbia au kusimama

Tuje sasa kwenye swali la pili. Sheria ya kale ya Uingereza, ambayo majimbo yaliirithi, ilimwambia mtu aliyegombana na mwenzake barabarani arudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, ndipo aue kama hana njia nyingine. Nyumbani ilikuwa tofauti. Kesi ya Semayne ya mwaka 1604 iliweka kanuni kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake, na mwenye ngome hana pa kukimbilia.

Huko Marekani kanuni ya kukimbia ilionekana kuwa kinyume cha uanaume. Mwaka 1876 mahakama kuu ya Ohio, katika kesi ya Erwin, ilisema kwamba mtu mwema asiye na hatia hawajibiki kumkimbia mshambulizi. Indiana iliunga mkono mwaka 1877 katika kesi ya Runyan. Mwaka 1921 Mahakama ya Juu ya nchi nzima, kwa kalamu ya jaji Oliver Wendell Holmes, iliamua katika kesi ya Brown kwamba mtu aliyeinuliwa kisu hawezi kutakiwa atafakari kwa utulivu.

Lugha yetu inalijua shauri hilo. Wahenga walisema: "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Wakasema tena: "Mwenye nguvu mpishe." Methali hizo hazimsifu mwoga, zinapima gharama ya ushujaa kwa kilio cha waliobaki nyumbani. Majaji wa Ohio na Indiana walipima gharama ya kicheko. Majimbo ya kaskazini-mashariki, kama New York, New Jersey na Massachusetts, yalibaki karibu zaidi na kipimo cha kwanza. Katika Massachusetts mahakama ilifika mwaka 1975 mahali pa kusema kwamba hata mwanamke aliyekuwa nyumbani kwake alipaswa kumkimbia mtu aliyeingia kwa halali. Bunge la jimbo lilistushwa na mafundisho hayo, na mwaka 1981 likamwondolea mwenye nyumba wajibu wa kumkimbia mtu aliyeingia kinyume cha sheria.

4. Sheria mbili katika kesi moja

Uhusiano wa maswali yetu mawili ulijitokeza wazi katika kesi ya Bernhard Goetz. Mtu huyo, baada ya kupigwa na wanyang'anyi mwaka 1981, aliomba leseni ya kubeba bastola mjini New York, akanyimwa kwa kuwa haja yake haikutosha. Alikwenda Florida, akapata huko bastola, akarudi nayo. Tarehe 22 Desemba 1984, ndani ya treni ya chini ya ardhi, mmoja wa vijana wanne weusi alimwendea, akamdai dola tano. Aliwapiga risasi wote wanne. Mmoja akapooza maisha yake yote.

Mwaka 1986 mahakama ya rufani ya New York ilieleza kwamba haitoshi mshtakiwa kuamini moyoni mwake kuwa yu hatarini. Yampasa awe ameamini vile ambavyo mtu mwenye busara angeamini katika hali ile. Mwaka 1987 baraza la raia lililohukumu kesi lilimwachilia kwa mashtaka ya kujaribu kuua, likamtia hatiani kwa kuwa na bastola bila leseni. Tuangalie vema hukumu hiyo. Kwa risasi alizopiga hakufungwa. Alifungwa kwa ajili ya chuma alichobeba. Sheria ya kubeba, inayouliza swali mapema, ndiyo iliyokuwa na meno, na ile ya kujihami ikalegea mbele ya hofu ambayo wahukumu wenyewe waliijua kila walipopanda treni. Baadaye, mwaka 1996, mahakama ya madai ilimwamuru amlipe kijana aliyepooza dola milioni 43.

5. Florida na mageuzi ya majimbo

Mwaka huohuo wa 1987 Florida ilipitisha sheria ya kibali cha haki. Haikuwa ya kwanza, lakini ndiyo iliyofungua mlango. Majimbo mengi yaliiga katika miaka kumi iliyofuata. Hoja ya watetezi wake haikuwa hafifu. Tarehe 16 Oktoba 1991 mtu mmoja aliingia katika mkahawa wa Luby's huko Killeen, Texas, akaua watu 23. Suzanna Hupp alikuwamo pamoja na wazazi wake, na wote wawili waliuawa. Bastola yake alikuwa ameiacha garini kwa kuitii sheria ya jimbo, iliyotokana na ile ya mwaka 1871. Alizunguka nchi akitoa ushuhuda. Gavana Ann Richards alikataa mwaka 1993 mswada wa kuwauliza wananchi kwa kura, George W. Bush, aliyemfuata, alitia sahihi sheria ya vibali mwaka 1995. Tangu Septemba 2021 Texas haidai hata kibali.

Alaska ilikuwa imeiga mfano wa Vermont mwaka 2003, na Arizona mwaka 2010. Illinois ndilo jimbo la mwisho kuacha katazo kamili, mwaka 2013, baada ya kuamriwa na mahakama. Florida yenyewe iliondoa sharti la kibali mwaka 2023, na kufikia mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa yameruhusu kubeba bila kibali.

Katika swali la pili pia Florida ilitangulia. Sheria yake ya mwaka 2005, iliyotiwa sahihi na gavana Jeb Bush, ilieneza haki ya kusimama kutoka nyumbani mpaka mahali popote ambapo mtu yupo kwa halali. Iliweka dhana kwamba anayevamiwa nyumbani au garini amekuwa na hofu ya haki, ikamkinga aliyejihami asikamatwe wala asishtakiwe. Mwaka 2017 mzigo wa kuthibitisha kwamba mtu hastahili kinga hiyo uliwekwa juu ya mwendesha mashtaka. Zaidi ya nusu ya majimbo yana kanuni ya namna hiyo sasa. Ohio, kwa mfano, ilikamilisha njia hiyo mwaka 2021.

Tarehe 26 Februari 2012, mjini Sanford, kijana Trayvon Martin wa miaka 17, asiye na silaha, aliuawa na George Zimmerman aliyekuwa na kibali cha kubeba bastola. Polisi hawakumkamata mwuaji huyo kwa muda wa wiki sita, na mwaka 2013 aliachiliwa na baraza la raia. Mawakili wake hawakuomba kinga ya sheria ya 2005, lakini maelekezo waliyosomewa wahukumu yalitaja haki ya kusimama. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la tiba la JAMA Internal Medicine ulionyesha kwamba baada ya sheria hiyo mauaji katika Florida yaliongezeka kwa takriban asilimia 24, wakati ambapo New York, New Jersey, Ohio na Virginia, zilizotumiwa kama kipimo, hazikuona ongezeko hilo.

6. Mahakama ya Juu yageuka mwanahistoria

Mpaka mwanzo wa karne hii Rekebisho la Pili la Katiba, la mwaka 1791, halikuwa limeyabana majimbo. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwamba rekebisho hilo humlinda mtu binafsi mwenye silaha nyumbani kwake. Mwaka 2010, katika kesi ya McDonald, iliyafunga majimbo kwa kanuni hiyo. Tarehe 23 Juni 2022, katika kesi ya Bruen, majaji sita dhidi ya watatu walibatilisha "sababu ya kufaa" ya New York. Pamoja na New York, vibali vya hiari vilianguka katika California, Hawaii, Maryland, Massachusetts na New Jersey.

Jaji Clarence Thomas aliagiza kwamba tangu hapo sheria za silaha zipimwe kwa desturi za kihistoria za taifa. Hapo ndipo msomaji wa historia anapotatizika. Sheria ya Texas ya mwaka 1871 ilihesabiwa kuwa kioja kisichowakilisha desturi. Ile ya dhamana ya Massachusetts ikasemwa kwamba ilithibitisha haki ya kubeba, kwa kuwa haikumgusa asiyeshtakiwa. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya Rahimi ya mwaka 2024, majaji wanane dhidi ya mmoja waliitumia sheria ileile ya dhamana kuhalalisha kumnyang'anya silaha mtu ambaye mahakama imemwona kuwa tishio kwa mwenzi wake. Nyaraka za zamani hazibadiliki. Husema mengi au machache kufuatana na swali la anayezisoma.

New York haikukata tamaa. Wiki moja baada ya Bruen bunge lake lilidai saa 16 za mafunzo darasani na saa 2 za kulenga shabaha, likakataza silaha katika orodha ndefu ya mahali, pamoja na uwanja wa Times Square. Wajibu wa kurudi nyuma uliachwa kama ulivyokuwa.

7. Mlangoni

Tofauti hizi zote hukutana mlangoni pa nyumba. Tarehe 17 Oktoba 1992 mwanafunzi Mjapani wa miaka 16, Yoshihiro Hattori, aliyealikwa karamuni huko Baton Rouge, Louisiana, alikosea nyumba. Mwenye nyumba alitoka na bastola, akamwamuru asimame kwa neno ambalo maana yake ya kwanza ni kuganda kwa baridi. Inadhaniwa kwamba kijana hakulielewa. Alizidi kusogea, akauawa. Mwaka 1993 mwuaji aliachiliwa; mwaka 1994 hakimu wa madai alimwamuru awalipe wazazi dola 650,000. Kwa mwanaisimu huo ni mfano mchungu wa neno moja lenye maana mbili.

Mwezi wa Aprili 2023, kwa muda wa siku mbili, yalitokea mambo yanayofanana katika majimbo mawili yasiyofanana. Huko Kansas City, Missouri, ambako hakuna kibali wala wajibu wa kurudi nyuma, kijana wa miaka 16 aliyetumwa kuwachukua wadogo zake alibonyeza kengele ya nyumba isiyokuwa yenyewe, akapigwa risasi, alipona. Huko Hebron, New York, msichana wa miaka 20 aliuawa kwa kuwa gari alimokuwa liliingia katika uwanja wa nyumba isiyo yake. Mwuaji wa New York alihukumiwa mwaka 2024 kifungo cha miaka 25 hadi maisha. Mshtakiwa wa Missouri alikiri kosa dogo zaidi mwaka 2025, akafa kabla ya kuhukumiwa. Kwa hiyo hata haki ya kusimama haikumfanya mwoga kuwa mtu asiye na hatia. Lakini jibu hilo lilipatikana baada ya miaka miwili, na kijana alikuwa amekwisha kujeruhiwa kichwani.

8. Hitimisho

Tumeona mambo matatu. Kwanza, hakuna jimbo lililodumu na fikra moja: kusini kulikoona aibu kuficha silaha ndiko kulikoifanya haki, na mtu mwema wa Ohio wa 1876 ameenea karibu nchi nzima. Pili, kibali cha hiari kiliokoa wengi na kikadhulumu wengi, na wanaokililia wasimsahau mchungaji wa Montgomery. Tatu, kwa kuondoa kibali na wajibu wa kurudi nyuma kwa pamoja, majimbo mengi yameliacha neno moja, yaani hofu ya mtu mwenye busara, libebe mzigo uliokuwa ukibebwa na sheria tatu. Na neno hilo hupimwa wakati ambapo mmoja wa mashahidi wawili huwa ameshazikwa.

Jambo hili halituhusu kwa elimu tu. Wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka mashariki ya nchi yetu wamepokewa kama wakimbizi katika Texas, Kentucky, Arizona, New York na kwingineko. Wametoka mahali ambapo mgeni hupiga hodi akiwa bado mbali, akangoja mpaka aitikiwe karibu. Anayewafasiria sheria za makao yao mapya asitosheke kusema "sheria ya Marekani". Aulize kwanza: jimbo gani? Kisha afasiri maneno yote mawili, kubeba na kujihami, maana moja pasipo jingine halimlindi mtu.